Pikapu Mbili, Gari Hakuna

Shingo ilifika kwanza, mwezi wa Februari,
imeviringwa magazeti ya lugha nisiyoijua.
Nikailaza juu ya meza ya cherehani,
naye Kadzo akasema: maiti gani hii waniletea ndani
nami nina magauni ya harusi sijayamaliza?

Nikamwambia ngoja, viungo vingine vi njiani.

Daraja likaja peke yake, chuma kizito cha kujaa kiganja.
Vigingi vikaja sita, kimoja kimepinda.
Pikapu zikazuiliwa.
Kule afisi ya vifurushi karani alisoma karatasi mara mbili,
akanitazama juu ya miwani:
"Pikapu mbili. Magari yenyewe yako wapi?"
Nikasema ni sumaku, bwana, na waya mwembamba kuliko unywele,
kazi yake kusikiliza nyuzi.
Akasema ushuru wa vipuri vya gari ni ushuru wa vipuri vya gari.
Nikalipa. Sijui niliendesha nini kutoka pale hadi Kisauni,
ila nilikilipia.

Sababu ni bega.
Kontena la Kilindini halikuniua, lilinisalimia tu,
na tangu siku ile mkono wa kulia haupandi
kulizunguka gitaa la watu wenye mabega.
Lile la zamani, jeusi, pana kama mlango wa kabati,
nilimpa Ngowa wa bendi ya hoteli. Nikasema nakuazima.
Sote wawili tulijua maana ya neno hilo.

Fundi Chengo, Kongowea, huchonga vitanda na mbuzi za nazi.
Nikampelekea umbo nililolikata katika katoni ya friji:
nilijipimia kifuani mbele ya kioo,
nikipunguza kwa mkasi, upana wa kidole, tena upana wa kidole,
mpaka bega likaacha kulalamika.
Akaligeuza huku na huku. "La mtoto?"
Langu.
Hakucheka. Akagonga mbao tatu kwa kifundo cha kidole,
sikio karibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
"Mfenesi," akasema.
Jioni ile sote tulikuwa na nyusi za manjano.

Parafujo nne za kufungia shingo; tundu moja halikuoana.
Nikaliziba kwa kijiti cha mshikaki na gundi,
nikatoboa upya, pumzi nimeifunga.

Kisha nikalivaa kwa mkanda, na kichwa kikaanguka.
Kiwiliwili kidogo, shingo ndefu: kila nikiliachia
linainama kama mtu aliyeangusha sarafu.
Siku tatu sikuligusa.
Kadzo, pini mdomoni, hata macho hakuinua:
"Pindo jepesi hutiwa kizito. Tia chubwi."
Duka la nyavu wakanipimia mbili.
Nikazichimbia mgongoni, karibu na kitako,
nikafunika kwa kibao, na kichwa kikainuka
polepole, kama aliyesamehewa.

Kuchomelea nyaya nilianza magharibi. Stima ikakatika.
Nikakaa gizani, chuma kikipoa mkononi,
nikinusa moshi wa kazi nusu.

Saa nne ikarudi. Nikawasha spika.
Hakuna muziki: mvumo tu, nzi mnene ndani ya chupa.
Nikaweka kiganja juu ya nyuzi, mvumo ukafa.
Nikaondoa, ukarudi. Nikaweka. Kimya.
Najua, ni waya wa ardhi, unapitia kwenye daraja,
mwili wangu unakamilisha kazi yake.
Sawa. Lakini mwaka mzima sijagusa kitu
kikatulia kwa kuwa ni mimi niliyekigusa.

Cherehani nayo ikanyamaza.
"Haya," akasema Kadzo, "pikapu ndizo hizo. Twaenda wapi?"

Bado sijamjibu. Uzi wa tatu hautaki kukaa;
ni kile kigingi kilichopinda.