Mtamba wa Sakitu

Alizaliwa Juni, usiku ambao sakitu ililala
juu ya majani ya viazi huku kwetu Isyonje.
Mama yake alikufa kabla ya dang'a.
Tupokigwe akamkanda kwa gunia la mbolea,
akamnywesha maziwa ya jirani,
ya kupimiwa kwa kikombe cha chai.

Akapona. Tukasema, amepona.

Miezi kumi na minane: wenzake
walikwisha kupandiana, kulia usiku kucha,
kuvunja wigo wa mianzi.
Yeye alitafuna matete, akitazama ukungu wa Uporoto
kama mtu aliyeambiwa, ngoja hapo hapo.

Ambakisye mhamilishaji alikuja na pikipiki,
akavaa glovu mpaka begani, akapapasa, akanyamaza.
"Kizazi bado ngumi ya mtoto," akasema.
"Mwili huu ulibana matumizi mapema.
Kwanza pumzi, kwanza moyo.
Mengine yakaambiwa kesho."

Kesho ilikuja mwaka wa nne, ndama jike.
Akamnusa.
Akageukia ukuta.

Nilitaka kuchukua fimbo. Tupokigwe
alichukua chumvi, akampaka ndama mgongoni,
kisha akakaa juu ya ndoo, saa nane, saa tisa,
mimi nimeshika taa, vidole vimekufa ganzi,
mpaka ulimi ukatoka mara moja,
ukarudi.

Ndipo nikakumbuka:
yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumlamba.

Ukatoka tena.