Haijaugua

Runinga yangu ina miaka minne.
Najua kwa risiti: niliilipa polepole,
mwezi kwa mwezi, hadi Aprili hii.
Mei ikaniandikia usoni pake:
Programu hii haitumiki tena katika kifaa hiki.

Kifaa hiki!
Kana kwamba si mimi niliyeipandisha
ngazi nne, huku Umoja, stima ikiwa imepotea.

Nikaizungushia shuka, nikaipeleka Luthuli.
Fundi Nzioki akafungua mgongo,
akapuliza vumbi, akagusa hapa na hapa kwa sindano za mita,
akarudisha skrubu zote,
hata ile iliyolegea tangu dukani.
"Haijaugua," akasema.
"Walioiunda wameacha kuisemesha."
Hakunitoza kitu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nyuma yake, rafu nzima: deki za kanda,
ving'amuzi vya mwaka juzi,
chaja zenye vichwa visivyopata tundu,
wote wazima, kama wagonjwa walioruhusiwa
wakakosa wa kuja kuwachukua.

Imerudi sebuleni. Asubuhi ni kioo changu:
humo nafunga kilemba, najipaka mafuta midomoni.
Inaniona vizuri tu.

Leo nimekawia kidogo mbele yake.
Ofisini wameleta mfumo mpya wa hesabu,
makarani wote tuwe tumeujua kufikia Ijumaa,
na yule kijana anayetufundisha, Wafubwa,
jana aliniangalia nikitafuta kitufe,
kwa upole uleule wa Nzioki
akirudisha skrubu.