Insha Thelathini na Nane

Kichwa nilikitoa mwenyewe: Mtaa Wetu Mvua Inaponyesha.
Ijumaa usiku, Majengo, ghorofa ya tatu,
feni inachokoza pembe za karatasi,
chai ya tangawizi imeshika utando.

Ya kwanza nimeipa kumi na nane kwa ishirini.
"Mvua ni baraka, lakini pia ni changamoto kwa jamii."
Safi. Hata koma imekaa kwa adabu.
Ya pili: mvua ni baraka, lakini pia.
Ya tano. Ya tisa. Ya kumi na nne.
Kufika ya ishirini sisomi tena, nahesabu tu,
kama karani wa Kilindini na makontena yake,
kila moja lina lakiri, na ndani hajui mna nini.

Hakuna aliyetaja tuktuk zinavyozimika Buxton,
wala mama wa Kibarani anayeuza viazi karai
miguu ndani ya maji, jiko juu ya kreti la soda.
Mtaa wetu, kumbe, hauna mtu.

Kisha Tsuma. Ukurasa na nusu, mwandiko wa kuku.
"Mvua ikinyesha baba ulala na viatu."
Ile h aliyoiacha sikuirudisha.
Kwa nini na viatu? Jibu alikuwa ameliandika,
akalifuta kwa kidole na mate
mpaka karatasi ikatoboka.
Nimechungulia tundu lile muda mrefu.

Hapo nilitaka kupanda mimbari. Ulimi ulikuwa tayari:
watoto wa siku hizi, simu, akili za kuazima.
Ila mwezi wa Rajabu, somo yangu Mwanasiti alipofiwa na mumewe,
rambirambi niliiagiza kwenye simu, nikabadili jina tu.
Akajibu: "Ahsante, maneno yako yamenikaa moyoni."
Maneno yangu.
Tangu siku hiyo nampitia mbali.

Na Mbeyu je? Simu yake ina kioo kilichopasuka
kama ramani ya mito. Aliiuliza maji ya Tudor huenda wapi,
ikamwambia: mtaroni, kisha baharini.
Mwenziwe angenakili. Yeye alivaa ndara, akaenda kutazama.
Insha yake ni mistari mitatu:
"Mtaro umezibwa na godoro.
Godoro lina maua ya buluu.
Simu hailijui."
Haina utangulizi, haina hitimisho. Nimpe ngapi?

Nimezifuta zile kumi na nane zote.
Chini ya kila insha naandika kwa mkono:
Kwenu, maji huingilia wapi?
Mara ya kumi nikajishtukia:
nami nanakili.

Basi kila mtoto na swali lake.
Shee, yule paka wenu mlimpandisha wapi?
Nyevu, nani aliyekubeba mgongoni hadi barabarani?
Ni kazi. Lazima nimwone mtu usoni kabla ya kumuuliza.

Saa saba usiku nimekwama kwa Faki Kombo.
Jina nalijua, dawati lake nalijua.
Uso hauji.
Simu iko hapa, ina picha ya darasa zima.
Nimeilaza kifudifudi.
Natafuta.