Hesabu za Asali

Ubao wetu ni mlango wa kabati
lililoliwa na mchwa mwaka ule wa mvua nyingi.
Chaki ni kopa la muhogo;
likianguka, kuku hulidonoa
kabla sijaweka nukta.

Kabla ya uji tunasimama.
Kalunde anasoma mstari wa leo
kwa sauti ya mtu anayedai deni.
Lugendo anaomba: kwa baba aliye porini,
kwa nyuki, kwa bibi na goti lake,
kwa damu yake mwenyewe,
anayoitaja kama jirani
aliyeazima jembe akanyamaza.

Hatukupanga hivi.
Shule ilikuwa kilomita saba,
na sikoseli haijui kengele.
Wiki hii darasani, wiki ijayo wodini Sikonge,
daftari la mahudhurio limejaa wekundu.
Basi nikaacha kazi ya ualimu,
nikawa mwalimu.
Kalunde naye akakunja sare yake, akaketi kando ya mdogo wake.
Sikumwita. Sikumfukuza pia.

Wapo Ipole wanaosema tunajitenga,
kwamba tunafuga watoto kama kuku wa kisasa.
Afisa elimu wa kata alikuja na pikipiki,
akanywa maji, akafunua madaftari.
"Nani anasahihisha?"
"Mama," akasema Kalunde, "halafu Mungu."
Akacheka, akaandika kitu,
na hatujui hadi leo aliandika nini.

Jana Mihambo alirudi kutoka kambini
ananuka moshi na nta,
jicho moja limevimba,
na ndoo kumi na nne na nusu.
Mizinga mitatu ilipasuliwa na nyegere.
Nikasema, leo hatufungui kitabu cha hesabu,
hesabu imekuja yenyewe kwa baiskeli.

Tuna kibwagizo tulichokitunga jikoni:
*Kumi ukizitazama, moja si yetu ni yake,
tisa zibaki kwa mama, na baba apate zake.*
Kalunde akahamisha nukta hatua moja:
ndoo moja, na sehemu arobaini na tano za mia.
"Hiyo nukta tutaipimaje?"
"Kwa kikombe," akasema baba yao,
"na usilambe kijiko kabla ya kumwaga."
Lugendo akauliza kama nyegere naye
anadaiwa fungu la kumi kwa alichokula.
Tukacheka mpaka bibi akauliza kutoka ndani kuna nini.

Halafu akachukua kopa,
akaandika peke yake, polepole,
vidole bado vina uvimbe wa Jumanne:
*mwezi siku 30. ninazoumwa 3.*
Akageuka.
"Mama, kumbe natoa."

Nilifundishwa namna ya kujibu watoto.
Nilifundishwa na chuo, na mama yangu,
na mchungaji mwenye subira sana.
Nikatazama namba zake. Hazikuwa na kosa.
"Umegawanya sawa," nikasema,
nikatoka nje kutafuta kuni,
na kuni zilikuwa zimejaa jikoni.

Usiku, wote wamelala,
nikapiga magoti karibu na zile ndoo.
Bwana, mimi nasahihisha tangu ujana,
najua tiki, najua mkasi.
Lile la mtoto sijaliweka alama.
Kama zile siku tatu zinafika kwako,
kama kuna malaika anazipokea na kuziandika,
mwambie azirudishe.
Hatukukutolea hizo.
Tutakuletea asali. Tutaongeza mizinga,
Mihambo amekwisha kuona mti wa kuchonga.
Wewe chukua asali.

Sikusikia kitu. Mbwa wa jirani tu,
na Lugendo akigeuka kitandani,
akigeuka tena,
akitulia.

Asubuhi ndoo ya kanisa ipo mlangoni,
kifuniko kimefungwa kwa kitambaa cha khanga yangu ya zamani.
Sisimizi wamekwisha kuijua.
Kalunde anawafagia, wanarudi.
"Simameni," nasema. "Nani anasoma leo?"