Kioo cha Kinyozi wa Mtama

Kaa sawa. Hicho kioo usikiguse, pembe yake inakata.
Hakikununuliwa dukani.
Kilikuja na Kapteni Wezabi (ndivyo babu alivyolitamka)
mwaka ule Waingereza waliposhuka Lindi
na nyumbu, na mizinga, na beseni la bati la kuogea bwana mkubwa.
Babu yangu Mchopa, kidonda cha jando hakijakauka sawasawa,
akafungwa kamba kiunoni na wenzake,
akatwishwa beseni.

Asubuhi alikuwa na kazi ya pili: kushika kioo
Kapteni akinyoa.
Mkono ukitetemeka, teke.
Pale Mahiwa, si mbali, pikipiki inakufikisha,
risasi zilipukutisha majani siku nne
hata msitu ukawa kama kuku aliyenyonyolewa,
na Kapteni alinyoa asubuhi zote nne.
Babu hakuona uso wake mwenyewe humo.
Aliona mgongo wa kioo, na juu yake kidevu,
na kwenye kidevu kovu, dogo, mbegu ya ufuta.

Kapteni alipata nishani.
Wapagazi walipata kuhara.
Kioo kilipata ufa, kikatupwa. Babu akakiokota.

Geuza kichwa. Hapo hapo.

Vita vya pili vilimkuta ana watoto wanne na deni la kaniki
kwa Mhindi wa Nyangao.
Akajiandikisha Keya, mpishi, akapelekwa Burma
ambako matope yalimeza nyumbu yakabakiza masikio.
Siku moja: pigeni pasi, Jenerali anakuja!
Akashuka garini, kifua chote nishani,
changu aliyetoka majini sasa hivi.
Akapita safu ya kwanza. Ya pili.
Babu akachungulia chini ya kofia:
mbegu ya ufuta, pale pale.
Jenerali akasimama. Akamtazama.
Babu anasema moyo ulimpanda hadi kooni.
Jenerali akasema, “Kifungo.”
Kweli, kimoja kilikuwa wazi.
Akapita.

Miaka mingi baadaye, hospitali ya Ndanda,
dawa ya kifua ikafungwa kwa gazeti la Ulaya,
na kwenye gazeti, mzee, kovu.
Padri akamsomea: amefariki usingizini,
vita viwili, nishani kumi na moja, mbwa wawili.
Babu akauliza, “Na beseni?”
Padri akageuza karatasi, akatafuta kwa dhati, maskini.
“Beseni halimo.”
Babu alicheka mpaka akahitaji ile dawa.

Mimi vita sijui. Najua wembe, spiriti,
na foleni ya vijana malipo ya korosho yakitoka.

Haya, tumemaliza. Sasa kishike, uone kisogo.
Taratibu, nimesema pembe inakata.
Kizito? Si kizito.
Kishike hivyo hivyo, mkono usicheze,
mpaka jua lifike utosini.