Uzamivu

Simu inalia saa tisa na dakika kumi usiku.
Kwa miaka ishirini na miwili
mpigaji nilikuwa mimi.

Nilisimama kando ya kitanda,
sikio moja kwenye simu, jingine kwenye pumzi za mtu,
nikisema: presha inashuka, na sipendi rangi yake.
Upande wa pili godoro lilikwaruza, kisha sauti nzito:
endelea kumwangalia, unipigie saa kumi na mbili.
Wengine waliifikia saa kumi na mbili.
Wengine niliwafunika mwenyewe.

Usiku huu anayepiga ni Pao Xiong,
muuguzi wa miezi minane,
ghorofa ya tano, wadi ya mahututi, hapa Duluth,
ambako Januari imeligeuza ziwa kuwa sakafu.
Aili, anasema, kitanda cha kumi na moja.
Namba si mbaya sana bado.
Lakini sipendi rangi yake.

Nakuja, nasema. Viatu viko miguuni tayari.

Shahada ninayoisomea inaitwa ya uzamivu.
Nina miaka hamsini na mmoja, na deni la ada,
na mume anayekula supu ya kopo Jumanne na Alhamisi.
Neno hilo nalipenda.
Kuzamia si kuzama:
anayezamia amemwambia mtu
kwamba atarudi.

Verlyn Skogstad, mpishi mstaafu wa meli za madini,
nimonia pafu la kulia, moyo uliochoka tangu zamani.
Nilipofika, namba zilikuwa zimekubaliana na Pao:
presha sabini na nane kwa arobaini,
magoti yana madoa ya zambarau.
Mwongozo unasema mmiminie maji, karibu lita tatu.
Moyo wake unasema: jaribuni, mtaona.

Tamsin Oleszek, mkufunzi wangu,
amesimama mlangoni, mikono nyuma.
Jibu analo. Amelimeza.
Nimefanya mitihani mingi, yote ilikuwa na karatasi.

Jeli baridi kifuani. Kwenye skrini
moyo ni ngumi inayojaribu kufumba
na kusahau katikati.
Sekunde ngapi? Pao baadaye alisema nne.
Mimi nilikuwa chini kabisa, kwenye tope,
nikipapasa.

Robo lita tu, nikasema. Halafu tupime tena.
Noradrenalini sasa hivi, kwa mshipa wa mkono,
tusingoje mrija mkubwa.
Na antibayotiki, Pao, ziko wapi?
Ninazo mkononi, akasema,
na kweli alikuwa nazo, kifuko kimefunguliwa nusu,
akingoja tu mtu aseme ndiyo.
Ningeweza kulia. Sikuwa na nafasi.

Binti yake Signe aliingia na theluji mabegani.
Wewe ndiye daktari?
Swali hilo lina jibu la kurasa mia moja na arobaini,
pamoja na marejeo.
Mimi ni muuguzi, nikamwambia.
Usiku huu baba yako yuko chini ya uamuzi wangu.
Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima barafu
kabla ya kuikanyaga.
Kisha akavua koti.

Siku ya tatu Verlyn aliikataa kahawa ya hospitali.
Arobaini yangu majini, alisema kwa sauti ya mkwaruzo,
sijampa hata panya kitu kama hiki.
Signe alicheka, akalia, akaenda kumtafutia nyingine.

Nyumbani, sura ya tatu inanisubiri:
wagonjwa mia mbili na kumi na wanne,
dakika kutoka dalili ya kwanza hadi dawa ya kwanza.
Nimechora safu za presha, joto, asidi ya damu.
Kamati inataka kila kitu kipimike.
Nimeongeza safu moja pembeni, nyembamba,
bado haina kichwa.
Ndani yake nimeandika saa
ambayo mtu aliyesimama karibu
alisema hakuipenda rangi.

Tamsin ameizungushia duara kwa penseli.
Hakuandika kitu kingine.