Kori

Neno lenyewe ni fupi, silabi mbili tu,
na huku kwetu Kavala lina kazi mbili:
binti uliyemzaa, na kile kiduara cheusi
katikati ya jicho, mlango wa nuru.
Kori. Hulitamki kwa namna mbili.
Anayesikiliza ndiye anayechagua.

Baba alichagua vibaya.

Daktari Melpomeni alimwambia aweke kidevu kwenye kile chuma,
akainama na taa yake ndogo, akasema
kama mtu aliyeokota sindano iliyopotea:
"Kori yako. Hapa hapa."
Baba akageuka ghafla, paji likagonga chombo.
"Wapi? Amefika lini?"

Nilikuwa kitini, nimeshika koti lake
na mfuko wa makomamanga aliyomletea daktari.
Miaka kumi na tisa hajamtaja Evdoksia.
Picha yake ilitoka ukutani, msumari ukabaki,
nami kila Pasaka naupangusa vumbi msumari.

Daktari alidhani ni masihara ya kizee.
Akacheka, akatueleza huku akiandika:
watu wa kale hawakuwa na vyombo hivi,
walikuwa na macho ya wenzao.
Ukimsogelea mtu hadi pumzi zigusane
utaona mle ndani kijitu kimesimama.
Wakakiita msichana. Kori.
Warumi nao wakasema vivyo hivyo kwa Kilatini,
kisichana, kimwanasesere,
na madaktari wa nusu ya dunia hadi leo
humtaja mwanasesere bila kumkumbuka.

"Ila yako," akasema, "imefichwa. Mtoto wa jicho
amekaa mlangoni. Tutamtoa Jumanne."

Baba alivaa koti, kifungo cha kwanza
kwenye tundu la pili,
na ngazini akashika ukuta, si mkono wangu.

Sasa ni matone, mara nne kwa siku.
Namlaza kwenye kochi, navuta ukope wa chini,
namwambia atazame dari.
Dawa inawasha. Huwatukana watakatifu kwa majina,
kisha huwaomba radhi, mmoja mmoja.

Jana usiku nilichelewa kuuondoa uso wangu.
Nikajiona mle ndani: punje ya ufuta,
nywele timtim, chupa mkononi.
Si Evdoksia. Nilimtafuta, nakiri,
nyuma ya huyu wa ufuta,
kule weusi unakoendelea bila ukuta.

"Unaona nini?"

"Kori."

Akanyamaza kitambo. Tone likamshuka hadi sikioni,
sijui la dawa, sijui lake.

"Anaendeleaje?"

"Ana usingizi," nikasema. "Na baridi kidogo ya miguu."

"Mwambie avae soksi," akasema,
kisha akafumba macho
akatufungia ndani, sijui tuko wangapi.